Mvumo wa Gari na Neno la Mzee

Katika mambo yanayohesabiwa kuwa utamaduni wa taifa, aghalabu hutajwa ngoma, mavazi, mapishi, mashairi, na desturi za arusi na matanga. Ni nadra kutajwa gari. Hata hivyo, kwa miaka mingi sasa watu wetu wamekuwa wakienda kuposa, kuzika, kutazama wagonjwa na kupeleka watoto shuleni kwa gari. Na popote wanapokaa watu wawili kwa saa nyingi pana mazungumzo, na penye mazungumzo pana utamaduni. Kwa sababu hiyo hatuoni haya kumwomba msomaji akae nasi ndani ya magari mawili madogo, moja la zamani na jingine la siku hizi, azisikilize kelele zilizomo, kisha apime pamoja nasi tulichopata na tulichopoteza.

Gari la kwanza ni Volkswagen ile yenye mgongo wa mviringo, ambayo kwetu wengi waliiita kobe. Gari hili lilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1938, na la mwisho lilitoka kiwandani nchini Mexico mwaka 2003, baada ya kutengenezwa magari zaidi ya milioni 21. Katika Afrika Mashariki lilipata sifa ya uvumilivu, na mwaka 1962 ndilo lililoshinda mashindano ya magari ya Safari. Baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Muheza, mkoani Tanga, alilinunua la kwake likiwa limekwisha kupita katika mikono ya watu watatu. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, na kiti cha nyuma kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia.

Msomaji asiyepata kulipanda kobe hana budi kuelezwa asili ya kelele zake. Injini ilikaa nyuma, si mbele, na kati yake na migongo ya abiria wa nyuma palikuwa na bamba la chuma na karatasi nene ya lami, basi. Silinda zake nne zililala, mbili upande huu na mbili upande ule, nazo hazikupozwa kwa maji bali kwa upepo. Maji yanayozunguka ndani ya injini, licha ya kupoza, humeza sehemu ya mlio wa chuma. Kobe halikuwa na maji hayo. Badala yake lilikuwa na feni kubwa iliyozungushwa kwa mkanda, ikavuma muda wote injini ilipokuwa ikifanya kazi. Gia zilikuwa nne tu, kwa hiyo kadiri dereva alivyoongeza mwendo ndivyo injini ilivyolazimika kuzunguka kwa kasi na kupaza sauti. Lakini tuseme haki: mwili wa gari hilo ulizibwa barabara, hata ikawa mlango haufungiki vizuri mpaka kioo kishushwe kidogo ili hewa ipate pa kutokea. Kelele kubwa ya kobe haikuingia kutoka nje. Ilisafiri nasi humo humo ndani tangu mwanzo wa safari.

Baba yetu aliisoma kelele hiyo kama alivyoyasoma madaftari ya wanafunzi. Mkanda ukilegea alijua kwa mlio wake, akasimama kabla taa nyekundu haijawaka, maana mkanda ukikatika feni husimama na injini huungua. Tapeti zikigonga kupita kiasi alitambua, akamwambia fundi hata kabla ya kufungua boneti. Kwa hiyo tulikua tukiamini kwamba gari lisilopiga kelele ni gari lililoficha ugonjwa, na mpaka leo tunaona kwamba imani hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli.

Mwanzoni mwa mwaka 1984, tukiwa na umri wa miaka 14, baba yetu alitupeleka kwa gari hilo kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni mjini Morogoro. Haikuwa shule ya serikali, na ada yake kwa mshahara wa mwalimu ilikuwa mzigo mzito. Kiti cha nyuma kilikaliwa na sanduku la bati, na godoro lilifungwa kwa kamba juu ya paa. Basi pamoja na mvumo wa injini na feni tulikuwa na kelele mbili nyingine: sanduku lililocheza kila gari lilipoingia shimoni, na kamba ya godoro iliyopigwa na upepo ikalia kama zeze. Barabara ya kutoka Segera kwenda Chalinze wakati huo ilikuwa lami iliyokwisha kuliwa na mashimo.

Tulipopita Kabuku baba yetu alianza kusema. Hakugeuza uso, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye mashimo. Wala hakupaza sauti, kwa sababu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Tuliona midomo yake ikienda. Mara moja tulisikia neno "shangazi yako," na mara nyingine neno "kwanza." Tulipomtazama aliitikisa kichwa, nasi tukaitikisa chetu. Tulilelewa kwamba mtoto hamwambii mzazi "Umesema nini?" kana kwamba mzazi ndiye mwenye kosa, kwa hiyo kila aliponyamaza kidogo tulijibu, "Naam, Baba." Hali iliendelea hivyo kupita Mkata, mpaka tulipoteremka polepole kuelekea daraja la Wami. Hapo injini ilipunguza mvumo, tukamsikia wazi akiuliza, "Umenielewa?" Tukajibu, "Naam, Baba." Naye akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Hatukumwuliza tena. Shule ilikuwa mpya, nyumbani kulikuwa mbali, na neno tusilolisikia halikuwa na njia ya kutukumbusha kwamba lipo.

Gari la pili ni letu wenyewe. Ni Toyota Vitz, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, na ingawa jina hilo liliachwa huko mwaka 2020, katika miji yetu magari yenyewe yangali yakionekana kila kona. La kwetu ni la toleo lililoanza mwaka 2005, nalo lilitufikia likiwa limetumika. Injini yake ina silinda tatu, na ujazo wake ni sentimita 996, ambapo kobe la baba yetu lilikuwa na sentimita 1,192. Yaani injini ni ndogo kuliko ile ya zamani, na bado gari linakwenda kwa kasi zaidi na kwa kelele chache zaidi. Siku ya kwanza kulipanda tulidhani limezimika.

Ukimya huo haukushuka kutoka mbinguni. Ni kazi ya mafundi waliokaa wakaitafuta kila njia ambayo kelele hupitia. Injini imezungukwa na maji. Imekalishwa juu ya mipira ili mtetemo wake usipite moja kwa moja katika chuma cha gari. Sakafu na ukuta ulio kati ya injini na abiria vimewekewa matabaka mazito ya kuua mtetemo, na juu yake sufi na zulia. Milango ina mipira laini pande zote. Umbo la gari limechongwa ili upepo uteleze badala ya kukwaruza. Gia zinazojibadilisha zenyewe huiacha injini izunguke polepole gari linapokwenda kasi katika tambarare.

Hapa inafaa tutaje kipimo, kwa faida ya wanafunzi. Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walioketi karibu ni kiasi cha desibeli 60. Kipimo hiki hakipandi kama hesabu ya kujumlisha tuliyoizoea: kikiongezeka kwa 10, sikio huona kelele imekuwa kama maradufu. Wataalamu wa afya huonya kwamba mtu afanyaye kazi saa nane kila siku katika kelele ya desibeli 85 hujitia katika hatari ya kuharibika masikio. Gari dogo la siku hizi likienda kasi katika barabara kuu huwa karibu na desibeli 70. Mengi ya magari madogo ya zamani yalipita 80 kwa mwendo huo. Kwa macho tofauti ya 10 ni ndogo. Kwa sikio ni tofauti ya kusikia na kutosikia.

Hata hivyo hatutaki kulisifu gari jipya kupita stahili yake. Kelele za gari ni tatu: ya injini, ya matairi, na ya upepo. Ukiinyamazisha ile ya kwanza, zile mbili hujitokeza, kama vile mwenye sauti kubwa akiondoka barazani ndipo wanong'onao husikika. Katika lami laini Vitz letu ni tulivu. Lakini likiingia barabara ya changarawe, mawe hulipiga kwa chini kama mvua ya mawe, maana mabati yake ni membamba na gari lenyewe ni jepesi. Likisimama penye taa, silinda zake tatu hutetemesha usukani. Likipanda mlima likiwa na watu wanne, injini hulia kama mtoto aliyenyimwa. Na mipira ya milango ikikauka kwa jua letu, upepo huanza kupiga mluzi.

Siku moja tulifanya jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulirudia na wanafunzi wake. Rafiki yetu wa kazini analo kobe, alitunzalo kama yai. Tulimweka kijana wetu kiti cha nyuma na karatasi, mwingine akaendesha, nasi tukakaa mbele tukitazama barabara na kusoma maneno 20 kwa sauti ya kawaida. Katika Vitz, kwenye lami, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kijana aliandika maneno yote 20. Katika kobe, kwa mwendo wa kilomita 60, aliandika 7. Katika Vitz kwenye changarawe, kwa kilomita 40 tu, aliandika 11. Tukasema: basi sehemu ya utulivu ni mali ya gari, na sehemu ni mali ya barabara. Kijana alicheka kwamba neno "shamba" alilisikia "chumba." Sisi hatukucheka, kwa sababu tutakazoeleza sasa.

Mwaka 2013 tulimchukua baba yetu kutoka Muheza kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Macho ndiyo yaliyomshinda. Masikio yake yalikuwa mazima. Njia ilikuwa ile ile ya Segera na Chalinze, lakini lami ilikuwa nzuri. Redio tulikuwa tumeizima, kwa kuwa mzee hakupenda redio ya kusemea kichwani. Tulipofika Kabuku tuliona tumchekeshe. Tulikuwa tumetunga ubeti juu ya kobe lake, nao ulikuwa umependwa sana na wenzetu ofisini. Tukamghania:

Gari la kale lavuma, twaketi hatusemani,
Injini yaunguruma, sauti yazama ndani,
Baba neno akisema, halifiki sikioni,
Naitika kwa heshima, sijui nasema nini.

Mzee hakucheka. Alikaa kimya mwendo mrefu, na kwa kuwa gari lilikuwa tulivu, kimya chake kilisikika. Karibu na Mkata aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo katika kobe ingemezwa na feni, "Kwa hiyo siku ile hukunisikia?"

Tulikiri kwamba hatukusikia. Ndipo akalirudia neno lile, baada ya miaka 29. Alisema kwamba ada ya shule aliipata kwa shangazi yetu, dada yake mkubwa. Na kwamba kwa fedha hizo alimwekea rehani minazi 30 aliyorithi kwa mama yake, shangazi awe akila nazi mpaka deni litakapolipwa. Kwa mshahara wake alijua hataweza kulilipa, kwa sababu nyuma yetu walikuwako wadogo zetu wanne. Akatuusia tukipata kazi tuikomboe minazi hiyo kwanza, kabla hatujajinunulia kitu chochote. "Nilikuuliza umenielewa," alisema, "ukaniambia naam."

Tulianza kazi ya ukarani serikalini mwaka 1991. Kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa redio kaseti. Tuliipeleka nyumbani tukaiwasha barazani kwa fahari, na baba yetu akaisikiliza kidogo, kisha akainuka akaenda zake msikitini. Tulinunua baiskeli, tukaoa, tukajenga, tukanunua gari. Shangazi alifariki mwaka 2004. Tulitoa sanda, tukasimama kaburini, wala hatukujua kwamba tunamzika mtu anayetudai.

"Baba, mbona hukunikumbusha?" tuliuliza.

"Mtu mzima aliyesema naam hakumbushwi," alijibu. "Nilikuona u mtu wa ahadi nyepesi, mwanangu. Nikakusamehe. Lakini sikukuamini tena."

Maneno hayo aliyasema bila hasira, na kila herufi yake tuliisikia. Ndipo tulipofahamu kwa nini hati ya kiwanja chake alimkabidhi dada yetu mdogo, na kwa nini katika vikao vya ukoo aliuliza rai za wengine kabla ya yetu. Kwa miaka 22 tuliishi na baba aliyetudhania hivyo, nasi tukidhani kuwa uzee ndio uliompunguzia maneno. Tuliposhuka kuelekea Wami tuliweka gari pembeni, kwa kuwa macho yetu nayo yalikuwa yamefanya ukungu.

Tuliporudi kutoka Dar es Salaam tulikwenda kwa watoto wa shangazi. Hawakuwa na ugomvi. Walisema mama yao alikwisha kula nazi za kutosha, na kwamba hawawezi kupokea fedha kwa mjomba wao. Baba yetu akakataa, akasema deni ni deni. Basi ililipwa mbele yake. Katika minazi 30 ilisimama 19, mingine ilikuwa imekwisha kuanguka kwa uzee. Tukapanda miche 11 kujaza nafasi. Baba yetu alifariki mwaka 2017. Hakupata kunywa dafu la miche ile, lakini mwaka wa mwisho wa uhai wake alituita, akatupa ufunguo wa sanduku lake la karatasi.

Ingekuwa rahisi kwetu kuitupia lawama injini. Tungesema: laiti gari lingekuwa na maji, na mipira, na matabaka ya kuua mtetemo, ukoo wetu usingepatwa na haya. Ni kweli kwa nusu. Kelele ya chombo ni adui wa mazungumzo, na hasa ya mazungumzo mazito, kwa kuwa mtu anaweza kuita bei ya samaki kwa kupiga ukelele, lakini hawezi kuupigia ukelele wosia. Mhandisi anayepunguza desibeli 10 katika gari dogo la mtu wa kipato cha chini hatendi anasa. Anamrudishia mzee sauti yake. Lakini nusu ya pili ni yetu. Injini haikusema naam. Tuliosema naam ni sisi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi siku zote tulidhani methali hiyo inamhusu mkaidi. Kumbe inamhusu pia mtoto mtiifu anayeona haya kusema, "Baba, sikusikia, tafadhali rudia." Adabu inayomzuia mtoto kuuliza si adabu kamili.

Na sasa kwa kuwa magari yametulia, na mengine yaendayo kwa umeme yametulia hata Ulaya imeyalazimisha yatoe mlio yanapokwenda polepole ili watembeao kwa miguu wajihadhari, tunakutana na jambo la kushangaza. Ukimya tulioupata kwa ustadi mkubwa tunaujaza tena kwa mikono yetu. Mafundi wamemaliza kuua mvumo wa injini, nasi tunafungua muziki mpaka vioo vitikisike. Na aliyeko nyuma amejiziba masikio kwa vidude vya simu yake. Tumesafiri na vijana wetu kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kila mmoja akiwa katika kelele yake binafsi, tukafika bila kuongeza neno juu ya yale tuliyoyajua asubuhi. Kobe lilitunyima mazungumzo bila kukusudia. Sisi tunajinyima kwa kukusudia.

Kwa hiyo, enyi walimu, mnapofundisha habari za sauti katika somo la fizikia, fanyeni jaribio la maneno 20 katika gari lolote mtakaloazima, na mkimaliza kuhesabu waulizeni wanafunzi ni neno gani la wazee wao ambalo wamelijibu "naam" bila kulisikia. Nanyi vijana, siku mtakapopanda gari na mzazi, katika lami nzuri na vioo vimefungwa, zimeni redio walau kati ya kituo kimoja na cha pili. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huenda mzee aliyekaa kando yenu ana neno la miaka mingi, naye anangoja injini inyamaze.